Dabi, deki na sketi: maneno yaliyovuka Bahari ya Kaskazini

Shikamooni wazee na walimu wangu, na nyie vijana hamjambo. Nimeombwa niongee kuhusu Kiingereza ila nikaambiwa kisiwe kitu cha mtihani, kwa hiyo nimeamua kuongelea bahari. Bahari yenyewe haipo huku kwetu, iko kule juu kabisa Ulaya, upande mmoja kuna Uingereza na Uskoti, ng'ambo yake kuna Norwe, Denmaki, Ujerumani, Uholanzi, Ubelgiji, wenyewe wanaiita Bahari ya Kaskazini. Ni bahari ya baridi na upepo mkali, upande wake wa kusini sehemu kubwa haina hata mita 50 kwenda chini, na watu wa pwani zake wamekua wakivuka huku na huku miaka zaidi ya elfu moja na mia tano, wanavua, wanauziana, wanaibiana, wanaoana. Kiingereza kimezaliwa humo humo, yaani hiki Kiingereza tunachokiogopa darasani na kwenye usaili wa kazi kimetengenezwa na wavuvi, wakulima, maharamia na wauza siagi wa pwani ile, na wengi wao walikua hawajui hata kusoma. Mimi nimekifundisha Kiingereza miaka mingi na nakipenda, sijaja kukisema vibaya. Nataka tu leo tuwataje waliokitengeneza, kwasababu wengine lugha zao zimeshakufa na wengine ziko hoi, alafu hakuna anayewajua.

Tuanze na kitu kidogo mtakachokielewa wote. Shati na sketi. Sisi tumeyachukua kwa Waingereza yote mawili, tukayapa sauti yetu, basi, kwetu shati ni shati na sketi ni sketi. Kumbe ni neno moja. Zamani sana watu wote wa pwani zile walikua na neno moja la vazi fupi lililokatwa, baadae wale waliohamia kisiwa cha Uingereza ulimi wao ukaanza kugeuza sauti ya sk ikawa sh, wale waliobaki Skandinavia wakaendelea na sk yao. Wakaja kukutana tena karne kadhaa mbele, huyu anasema shirt yule anasema skirt, na badala ya moja kufukuza lingine yakabaki yote mawili, wakagawana mwili, moja juu moja chini. Ukishajua hiyo sh na sk unaanza kuwaona hawa watu kila mahali. Skin, skull, skill, sky, zote hizo zenye sk mwanzoni zimekuja na mashua kutoka ng'ambo. Ship ni ya Waingereza wenyewe, lakini skipper, yule nahodha wa hiyo hiyo ship, ametoka kwa Waholanzi na sk yake haijaguswa.

Sasa walifikaje. Mawimbi ya kwanza ni kwenye karne ya 5, Warumi wameshaondoka Uingereza, wakaanza kuvuka Waangli, Wasaksoni na Wajuti, kutoka pwani za Ujerumani na Denmaki ya leo. Kuna eneo mpaka leo linaitwa Angeln, liko huko huko karibu na mpaka wa Ujerumani na Denmaki, ni mashamba tu na vijiji, ukipita bila kuambiwa hutojua kwamba jina England limetoka hapo. Hawa ndo walileta mwili wa lugha, maneno kama mother, house, bread, water.

Wimbi la pili ndo lenye kelele. Mwaka 793 watu wa Skandinavia walivamia nyumba ya watawa kwenye kisiwa cha Lindisfarne, na kila mtu anajua hiyo hadithi ya Waviking na mashoka. Mimi inayonigusa zaidi ni ile isiyotengenezewa filamu. Jeshi kubwa lilifika mwaka 865, na miaka kama kumi baadae, 876, kumbukumbu za Waingereza wenyewe zinasema wale watu waligawana ardhi ya kaskazini wakaanza kulima. Hapo ndo maneno yaliingia. Mtu akikuchoma nyumba hujifunzi lugha yake, lakini akiwa jirani yako, mbuzi wake ameingia shambani kwako, binti yake ameolewa na kaka yako, hapo mtaongea tu mtake msitake. Na hizi lugha mbili zilikua zinakaribiana, wakiongea taratibu walikua wanaelewana, kwa hiyo kuchanganya ilikua rahisi.

Ndo maana waliyoyaacha ni maneno ya nyumbani. Kisu, knife, ni lao. Dirisha, window, ni lao, na maana yake ni jicho la upepo, kwasababu nyumba zao zilikua na tundu la kutolea moshi na kuingiza hewa, vioo vilikua bado. Husband ni lao, na mwanzoni halikumaanisha mume, ni mwenye nyumba, mtu aliyekaa na kumiliki kwake. Law ni lao, maana yake kilichowekwa chini kikakubalika. Keki, gia, steki, hizi tunazoziandika hivi sisi zote zilipita kwao, kwa hiyo dereva wa daladala akipanga gia anatumia neno ambalo mwanzo lilikua ni vifaa na mavazi ya mtu anayejiandaa kwenda vitani. Angalia na die. Waingereza wa zamani kufa walisema steorfan, wakapokea die ya majirani, lile la kwao likasogea pembeni likabaki na kufa kwa njaa, ndo starve ya leo.

Ila kubwa kuliko zote ni they, them na their. Hapa naomba mnisikilize vizuri kwasababu hata walimu wenzangu wengi hawalijui hili. Lugha kuazima jina la chakula au chombo ni kawaida, sote tunaazima, lakini kuazima neno la kusema wao, hao, zao, ni nadra sana duniani. Waingereza waliazima kwasababu ya kwao yalikua yanagongana, neno la yeye mwanaume, yeye mwanamke na wao yalikua yamekaribiana sana kimatamshi mpaka msikilizaji anachanganyikiwa nani ameongelewa. Wakachukua ya jirani. Haikua siku moja, mpaka wakati wa mshairi Chaucer, mwishoni mwa karne ya 14, yeye anaandika they lakini bado anasema hem badala ya them. Kwa hiyo wewe kijana unayeambiwa Kiingereza safi, Kiingereza safi, kiulize kwanza they imetoka wapi.

Majina ya miji nayo usiyasahau. Ukiona mji wa Uingereza umeishia na -by ujue hapo walikaa Wadenmaki, maana -by kwao ni kijiji, makazi. Grimsby ni kijiji cha mtu anaitwa Grim, na baadae ikawa moja ya bandari kubwa za uvuvi duniani. Whitby hivyo hivyo. Na Derby! Hili jina lilienda kwenye cheo cha ukoo mmoja wa mabwana wakubwa, mbio za farasi za Epsom zilizoanza mwaka 1780 zikapewa jina la mmoja wao, kutoka kwenye mbio likaja kwenye mpira, na sasa Simba na Yanga wakikutana nchi nzima inasema dabi ya Kariakoo. Hilo -bi la mwisho ni kijiji cha Mdenmaki. Sijui kama kuna neno limesafiri kuliko hilo.

Kuna kisa kimoja nakipenda sana, kimeandikwa na William Caxton, yule aliyeanzisha uchapaji Uingereza mwaka 1476. Yeye alikua mfanyabiashara, aliishi miaka mingi Bruges ng'ambo ya bahari hiyo hiyo, na kitabu cha kwanza kuchapwa kwa Kiingereza alikichapa akiwa huko huko. Sasa mwaka 1490 anasimulia kwamba wafanyabiashara walikua kwenye jahazi mto Thames wanaelekea Zeeland, Uholanzi, upepo ukakosekana, wakashuka pwani kutafuta chakula. Mmoja, anaitwa Sheffelde, muuza vitambaa, akafika kwenye nyumba akaomba chakula na akasisitiza anataka eggs. Mama mwenye nyumba akamwambia samahani, mimi Kifaransa sijui. Jamaa akakasirika kwasababu hata yeye Kifaransa hakijui, anataka mayai tu! Mpaka mwenzake akasema tunaomba eyren, yule mama akasema haa, sasa nimekuelewa. Eggs ni ya Waskandinavia, ilikua imetawala kaskazini, eyren ni ya kale ya Waingereza wenyewe na kusini ilikua bado hai, karibu miaka 700 toka Lindisfarne na bado hawajakubaliana yai liitweje. Caxton anauliza kwa uchungu kabisa, sasa mtu aandike lipi? Mnajua lipi lilishinda, lakini ukimsoma unaona alikua hana uhakika, na huyo ndo mwenye mashine. Huwa nawaambia wanafunzi wangu wanaolalamika kwamba Kiswahili cha kompyuta kina maneno mawili matatu kwa kitu kimoja, subirini, hata yai lilichukua muda.

Tuje kwa Waholanzi, hapa ndo tunakaribia nyumbani. Wao hawakuja na jeshi, walikuja na meli na biashara, na kwenye karne ya 16 na ya 17 hakuna aliyewazidi kwa ujenzi wa meli, hata boti ya kifahari, yacht, ni neno lao, jacht, meli ya kuwinda, yaani ya mbio, na Mfalme Charles wa Pili alipewa moja na Waholanzi mwaka 1660 ndo mtindo ukaanza Uingereza. Kwa hiyo Mwingereza akitaka kusema kitu cha baharini mara nyingi anasema Kiholanzi bila kujua, skipper, sloop, cruise, freight, na smuggle pia, magendo, kwasababu bahari ile ilikua na ushuru na watu wa kuukwepa. Na deck. Kwa Waholanzi dek ni kitu cha kufunika, kwenye meli ikawa ile sakafu ya juu inayofunika tumbo la meli. Mabaharia kazi yao ya asubuhi ni kuisugua hiyo sakafu kwa maji na brashi, na huku pwani yetu neno likashuka bandarini likaingia majumbani, ndo hii kupiga deki. Kila mtu hapa aliyesoma bweni anaikumbuka Jumamosi asubuhi, ndoo, tambara, maji yanatiririka koridoni, unapiga deki mpaka mgongo unauma, na neno uliloshika mdomoni ni la Mholanzi. Alafu kuna hili. Mji wa Norwich, mashariki mwa Uingereza, mwaka 1565 ulialika kaya 30 za wafumaji kutoka ng'ambo, 24 za Waholanzi na 6 za Wawaluni, yaani watu wa Ubelgiji wa leo wanaoongea Kifaransa, waje wafundishe kazi kwasababu biashara ya nguo ilikua imelala. Walikua wanakimbia vita na mateso ya kidini kwao, wakaja wengi zaidi, maelfu, mpaka karibu theluthi ya mji ikawa ni wageni. Walikuja na ndege wao wa kufuga, kanari, ndo maana timu ya Norwich mpaka leo inaitwa Canaries na inavaa njano. Na wazee wa mkoa ule tambara la kudekia wanaliita dwile, ambalo ni dweil ya Kiholanzi. Kwa hiyo wao wamebaki na tambara, sisi tumebaki na deki.

Waholanzi hao hao walivuka mpaka Marekani, mji wao wa New Amsterdam ukachukuliwa na Waingereza mwaka 1664 ukaitwa New York, lakini maneno hayakuhama. Baas ikawa boss, bosi wetu huyu wa ofisini. Koekje, keki ndogo, ikawa cookie, na sasa kila ukifungua tovuti unaulizwa kama unakubali kuki. Dola nayo ilipitia kwao, mwanzo wake ni mji wa machimbo ya fedha Bohemia, mbali na bahari, ila walioibeba ni watu wa pwani, daler, mpaka ikawa dollar.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nikubali kuja. Kati ya lugha zote za upande wa pili wa bahari, ndugu wa karibu kabisa wa Kiingereza wa upande ule ni Kifrisia, kinaongelewa kaskazini mwa Uholanzi, mkoa wa Friesland, na watu laki kadhaa tu. Kuna msemo wao wa zamani unaosema siagi, mkate na jibini mbichi ni Kiingereza kizuri na Kifrisia kizuri, na kwa lugha yao ni bûter, brea en griene tsiis is goed Ingelsk en goed Frysk. Isome kwa sauti mtu yeyote anayejua Kiingereza ataisikia. Kanisa Mholanzi anasema kerk, Mwingereza church, Mfrisia tsjerke. Huyu Mwingereza na huyu Mfrisia walikua pamoja.

Mmoja leo anatawala viwanja vya ndege vyote duniani. Huyo mwingine, mwaka 1951, watu wake walipigwa virungu kwa ajili ya kutaka kuongea mahakamani. Miaka ile daktari wa mifugo alikataliwa na hakimu kujitetea kwa Kifrisia, muuza maziwa naye alishtakiwa kwa kuandika sûpe, maziwa ya mtindi kwa lugha yake, badala ya neno la Kiholanzi. Mwandishi wa habari Fedde Schurer akamwandika hakimu kwa maneno makali, akashtakiwa na yeye, na siku ya kesi, Ijumaa tarehe 16 Novemba 1951, watu walijaa uwanjani mbele ya mahakama ya Leeuwarden, polisi wakatoka na virungu na maji ya presha. Wao wanaiita Kneppelfreed, Ijumaa ya virungu. Serikali ikashtuka, na mwaka 1956 ikatoka sheria ya kuruhusu Kifrisia mahakamani. Mimi nikisoma hiyo nawafikiria watu wetu waliosimama kizimbani miaka na miaka hukumu zao zinaandikwa kwa lugha wasiyoijua, mpaka sheria ya mwaka 2021 hapa Tanzania ilipofanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Muuza maziwa wa Friesland angetuelewa vizuri sana.

Na wapo ambao hawakuwahi. Juu kabisa ya Uskoti kuna visiwa vya Shetland, vilikua vya wafalme wa Denmaki na Norwe mpaka mwaka 1469, vikawekwa rehani kwa mfalme wa Uskoti kwa ajili ya mahari ya binti yao aliyeolewa naye, maana kule upande wa binti ndo ulikua unatoa mahari, na rehani haikukombolewa. Watu wa pale waliongea Kinorni, kizazi cha lugha ya Waviking. Wakaja makasisi, wenye ardhi na mahakama kwa lugha nyingine, Kinorni kikaanza kurudi nyuma, kwanza sokoni, alafu kanisani, alafu jikoni. Mahali pa mwisho kilipojificha ni kwenye mashua. Wavuvi wa Shetland walikua wanatoka na mashua za makasia sita, sixareen, mpaka maili 40 kutoka nchi kavu kutega mishipi, sehemu waliyoiita haaf, bahari kuu, na ukiwa huko kulikua na maneno ya nchi kavu huruhusiwi kuyataja, ni mkosi. Kasisi hutajwi, anaitwa upstander, msimama juu. Kanisa halitajwi, unasema benihoose, na hiyo beni ni sala kwa Kinorni. Kazi ilikua ya hatari kweli, Julai 1881 dhoruba moja iliua wavuvi 58 wa Gloup na vijiji vya jirani, kwa hiyo hakuna aliyeona ni mchezo kuchunga ulimi. Kwa njia hiyo maneno yaliyokua yamesahaulika majumbani yaliendelea kuishi vinywani mwa wanaume wanaovuta kasia.

Mtu anayetajwa kama wa mwisho kukijua Kinorni cha kwao, Walter Sutherland wa kisiwa cha Unst, alifariki karibu mwaka 1850. Kwenye 1893 akaja msomi kutoka visiwa vya Faroe, Jakob Jakobsen, mtu wa bahari ile ile, lugha ya kwao ni ndugu wa Kinorni, akazunguka nyumba kwa nyumba karibu miaka mitatu akiwauliza wazee mnaitaje hiki, mnaitaje kile, upepo wa namna hii, ng'ombe mwenye rangi hii, wimbi likivunjika hivi. Akapata maneno karibu 10,000. Lugha ilishakufa, lakini maneno elfu kumi yalikua bado yamo ndani ya watu wanaodhani wanaongea Kiskoti. Kama kuna kijana hapa kwao kuna lugha ndogo ya wavuvi au wafugaji na bibi bado yupo, namwomba sana, simu unayo, ina kinasa sauti, kaa na bibi.

Ya mwisho nimalizie maana naona mwenyekiti anaangalia saa. Kila mwezi bei ya mafuta ikitangazwa mnasikia habari ya mafuta ghafi ya Brent. Brent ni bata bukini mdogo mweusi anayekuja kukaa pwani za bahari ile wakati wa baridi, kampuni ilikua inavipa visima vyake majina ya ndege, na kisima hicho kiligunduliwa mwaka 1971 kaskazini mashariki mwa Shetland. Mafuta yake yalipitishwa kwa bomba mpaka kituo cha Sullom Voe, na hiyo voe ni neno la Kinorni, maana yake ghuba nyembamba ya bahari inayoingia nchi kavu. Iko kwenye ramani zote za wafanyabiashara wa mafuta, na haijawahi kutafsiriwa. Karibuni maswali, naona dada pale nyuma kanyoosha mkono toka kwenye they.